SSD imejaa, kunakili faili kumekuwa kwa kusuasua

Wakuu, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 256, Windows 11, imebaki GB 9. Faili kubwa huanza kwa kasi, halafu kasi inaporomoka. Nipige defragi (kupanga upya vipande vya faili kwenye diski)?

— Usithubutu mkuu, utaichosha bure. Tatizo ni kujaa: drivu nyingi hutumia nafasi tupu kama kache ya haraka (sehemu ya kupokea data kwa muda), ikiisha, kasi inakwisha nayo. Acha wazi asilimia 15 hadi 20, yaani GB 40 hivi.

— Ukishafuta faili usizohitaji, fungua Command Prompt kama admin, andika: fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Ikijibu 0, TRIM (amri inayoiambia SSD data ipi imefutwa) imewashwa. 1, imezimwa.

— Wa Linux: sudo systemctl enable --now fstrim.timer, TRIM inapita kila wiki. Angalieni na joto pia. NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ikichemka hujipunguza kasi yenyewe.