Mimba ya mapasa wiki 31, mikono imevimba na kichwa kinauma. Tuzalie santre (kituo cha afya) ya karibu au hospitali?

Papa_Katuba: Ndugu zangu, habari za jioni. Niko Lubumbashi, Katuba. Mke wangu ana mimba ya wiki 31 na ni mapacha, mapasa tunavyosema huku. Furaha imejaa nyumba, mama mkwe ameshawaita Mbuyi na Kabanga hata hawajafika. Ila tangu Jumapili amevimba, jana pete ya ndoa tumeitoa kwa sabuni, na kichwa kinamgonga. Mama mkwe anasema ni jua la Oktoba, eti mwenye wawili lazima avimbe. Swali langu hasa ni hili: CPN, yaani kliniki ya wajawazito, anafanyia santre ya afya hapa mtaani, mkunga anamjua na bei tunaiweza. Tuzalie pale au tutafute hospitali kubwa? Akiba yangu ni dola 200.

MamaPasa_Kamalondo: Papa, swali la kuzalia wapi lingoje kwanza. Miguu kuvimba sawa, mimi nilivaa ndala za mume wangu miezi miwili. Mikono na uso, hapana. Tansiyo, yaani presha ya damu, alipimwa lini?

Papa_Katuba: Wiki tatu zilizopita. Fishi, kadi yake ya kliniki, imeandikwa 12/8, yaani 120/80.

Kijana_Ruashi: Apunguze chumvi na ale lengalenga, itashuka. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alivimba hivyohivyo akazaa salama.

Mkunga_Mstaafu: Yaya yako alikuwa na bahati. Chumvi haiponyi hii.

Papa_Katuba, mwanangu, hiyo 12/8 ni ya wiki tatu nyuma, leo haikusaidii. Tansiyo ikifika 14/9 baada ya wiki ya 20, na protini ikaonekana kwenye mkojo, ndiyo njia ya kwenda kwenye kifafa cha mimba, na mwenye mapasa huipata kwa urahisi kuliko mwenye mtoto mmoja. Muulize sasa hivi: anaona nyotanyota au ukungu? Anaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu upande wa kulia? Akijibu ndiyo, hospitali usiku huu. Akijibu hapana, bado apimwe usiku huu, kwa sababu ya hicho kichwa. Na msipande moto, yaani pikipiki, tafuta teksi.

Papa_Katuba: Anasema tangu asubuhi anaona kama inzi weusi wanapita mbele ya macho. Hakuniambia, alidhani ni uchovu. Tunatoka.

MamaPasa_Kamalondo: Nendeni, Mungu awatangulie. Nikujibu la santre, utasoma ukiwa kwenye benchi. Wangu wa kwanza alikuja na kichwa vizuri. Wa pili akajilaza kama mti ulioangukia njiani, wakanipasua. Halafu damu. Kizazi kilichobeba wawili kimetanuka mno, kinachelewa kukaza, na damu inatoka bila kelele. Usiku ule shemeji zangu wawili walitoa damu. Mkunga wa santre anaweza kuwa hodari kuliko daktari, lakini chumba cha upasuaji atakitoa wapi, na damu je? Hiyo 200 iende hospitali. Tafuta mapema watu wa kutoa damu, na jua kundi lake. Kitu kingine, kama anatafuna pemba, aache: ule udongo unazuia chuma kuingia mwilini, na mapasa wanamaliza damu ya mama haraka.

Kijana_Ruashi: Nisamehe Papa, sikujua. Mimi ni O+, niite.

Mkunga_Mstaafu: Watakuuliza kama kondo la nyuma ni moja au mawili. Wakiwa wanagawana moja, mmoja anaweza kumnyima mwenzake damu, na ekografi, ile picha ya tumbo ya mashine, inatakiwa kila wiki mbili. Inaonekana vizuri kwenye ekografi za mwanzo, kabla ya wiki ya 14. Beba karatasi zote.

Papa_Katuba: Saa sita usiku. Tansiyo 16/11, mkojo una protini. Wamemchoma magnezi kuzuia kifafa na wamempa dawa ya kushusha tansiyo. Kuna sindano nyingine ya kukomaza mapafu ya watoto, maana huenda wakatolewa kabla ya wakati. Mioyo yote miwili inapiga, nimeisikia mwenyewe kwenye mashine. Ametundikiwa maji, anauliza kama nimefunga kuku.

Kweli wameuliza habari ya kondo. Karatasi ya ekografi ya kwanza imekunjwa ndani ya Biblia ya mama mkwe. Amepanda teksi, anaileta, na habari ya jua hajaitaja tena. Kijana_Ruashi, nimekuandikia pembeni. Njoo asubuhi.