Mjadala: Sheria ya silaha ipime unene wa risasi au nguvu yake?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba, maana linagusa uhai wa watu. Sheria nyingi za silaha huchora mpaka kwa kaliba, yaani upana wa mtutu au wa risasi: chini ya hapa ruksa, juu ya hapa marufuku. Mimi napinga. Kwa bunduki ndefu, kipimo hicho kinawapa raia ulinzi usiokuwepo.

Chukueni risasi mbili (namba kama .22 hutaja unene kwa inchi): .22 Long Rifle, ambayo wengi hujifunzia shabaha, na .223 Remington, ndugu wa risasi ya kijeshi ya 5.56. Zote mbili zina unene unaokaribia milimita 5.7. Lakini ya kwanza hutoka na nguvu ya jouli (kipimo cha nishati) 150 hivi, na ya pili hufika 1,700. Siri iko kwenye ganda, yaani kikopo kinachobeba baruti: la .223 hubeba baruti nyingi zaidi, na risasi yake hutoka kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, takriban mara tatu ya mwenzake. Nguvu hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi hiyo peke yake imeshaizidisha mara tisa kabla hujagusa uzito. Halafu tazameni .45 ACP, risasi ya bastola, nene maradufu, milimita 11.5: jouli zake ni kama 500 tu. Sheria inayotazama unene pekee itaiogopa hii na kuiachia .223.

Na mianya inatumika kweli. California ilipiga marufuku bunduki za .50 BMG, risasi nene ya masafa marefu, kuanzia 2005. Mwaka huohuo ikaingia risasi ya .416 Barrett, nyembamba kidogo, ya masafa marefu vilevile, na katazo halikuigusa. Italia nayo kwa miaka mingi iliwanyima raia bastola za 9x19 (unene milimita 9, ganda milimita 19) kwa kuwa ni risasi ya jeshi. Watu wakanunua za 9x21: ganda refu kwa milimita mbili, nguvu ileile. Katazo lilikuja kuondolewa kwa sheria ya 2021. Muda wote huo lilimzuia nani? Kanada walifanya la maana zaidi mwaka 2020, walipozuia mitutu ya milimita 20 na kuendelea, na pia bunduki yoyote inayozidi jouli 10,000 hata kama mtutu wake ni mwembamba.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, na siibezi. Watafiti Anthony Braga na Philip Cook walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa mashambulizi ya risasi mjini Boston, Marekani. Waliopigwa kwa kaliba ya kati walikuwa na uwezekano wa kufa zaidi ya mara mbili ya waliopigwa kwa kaliba ndogo. Kwa kaliba kubwa, zaidi ya mara nne. Nyingi zilikuwa bastola. Unaweza kusema kwenye bastola unene na nguvu huenda pamoja, lakini jibu hilo halitoshi: 9x19 na .45 zinakaribiana kwa jouli, na bado utafiti uliziweka kwenye makundi tofauti. Kwa bastola, basi, nakubali unene una uzito wake.

Ila hata hapo kuna jambo kaliba haiwezi kulipima. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane, Uskoti, ya 1996, Uingereza ilipiga marufuku bastola zinazozidi .22, kisha kabla 1997 haijaisha sheria nyingine ikaziondoa na hizo .22. Bastola huingia mfukoni, na kinachofichika hivyo kinafika karibu na mtu kabla hajajua.

Pendekezo langu: bunduki ndefu zipimwe kwa jouli, bastola ziwekewe masharti yake kwa sababu zinafichika, na unene ubaki kigezo cha nyongeza. Wanaotetea kaliba kuwa mpaka mmoja kwa silaha zote, nawaomba mnijibu hili: mtaiwekaje .223 upande mmoja na .22?