Shujaa wa riwaya ya mapenzi: mnataka awe mtu wa namna gani?

Mtunzi wa Kibokoni ameuliza:

Assalam alaykum wapenzi wa kusoma. Naandika riwaya ya mapenzi kwa Kiswahili na kuituma sura baada ya sura kwenye kundi letu la WhatsApp. Wasomaji wengi ni kina dada wa hapa Mombasa, wachache wako Malindi na Tanga. Nimefika mahali kalamu imegoma na kundi limegawanyika, kwa hivyo naomba rai zenu.

Kisa chenyewe ni hiki. Rukia anauza viazi karai na bajia jioni nje ya nyumba ya kwao, Kibokoni. Babake ameshafariki, na pesa za karai ndizo zinazomsomesha mdogo wake wa kiume. Faraj ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ana gari, ana sura, mtaa mzima unamjua. Ameleta posa kwa adabu zote, wazee wamekuja, kahawa imenywewa. Rukia amekataa. Amekataa kwa sababu siku moja Faraj alisimama mbele ya karai lake akamwambia, wateja wakisikia, “Ukiwa kwangu, haya mafuta utayasahau.” Faraj aliona ametoa ahadi nzuri. Rukia alisikia kazi yake ikidharauliwa mbele za watu.

Sasa Faraj afanye nini? Kina dada wengine wanataka aje usiku, amshike mkono, amwambie hataki kusikia hapana, maana mwanamume anayependa kweli hakubali kushindwa. Wengine wanasema Rukia ana kiburi, basi mwandishi amtie adabu: biashara ife, adaiwe kodi, ndipo aone thamani ya mtu aliyemkataa.

Msinijibu kwamba shujaa awe mzuri na mwenye heshima, hayo tumeshayasikia. Niambieni ni wapi mlifunga kitabu kwa hasira, na ni mtu gani wa kitabuni aliyewafanya mkeshe.

Dada wa Kongowea:

Mimi nasema Faraj abaki na pesa zake. Alfajiri niko sokoni nagombania nyanya na vitunguu, jioni nahesabu kilichobaki baada ya mkokoteni na kodi ya meza. Nikifungua riwaya usiku sitaki kumkuta mwanamume anayehesabu na yeye. Nataka nyumba yenye upepo wa bahari, nataka mtu akiona kitu kizuri akinunue bila kuuliza bei mara mbili. Ndiyo raha yangu na siionei haya. Ila asiwe bahili wa maneno. Tajiri asiyejua kusema “pole, umechoka” simtaki hata kitabuni.

Fundi Cherehani, Majengo:

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi kazi yangu ni kushona, na zaidi ni kupinda leso. Jozi zinakuja asubuhi kutoka Biashara Street, jioni wenyewe wanazifuata. Mashine ikienda, binti wa dada yangu hunisomea. Riwaya za mapenzi nimeanza nikiwa msichana, na vile vitabu vidogo vya Kiingereza vya Mills & Boon vilivyokuwa vikipita mkono kwa mkono mpaka jalada linabanduka.

Nikwambie nilipofunga kitabu. Mwanamume, tajiri mwenye shamba kubwa, amemfuata msichana mpaka barazani. Msichana anamwambia, niache. Mwanamume anamkaza kifundo cha mkono mpaka alama zinabaki, na mwandishi amezieleza vizuri: nne nyekundu upande mmoja, ya kidole gumba upande wa pili. Aya mbili mbele, msichana amelegea na moyo unamwenda mbio kwa raha. Nikakiweka chini. Alama hizo nazijua. Nimeziona kwa wateja, ninapowapima mikono ya magauni, na wakiona nimeziona huvuta buibui haraka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia zile ni alama za mapenzi.

Vitabu vile vilikuwa na hila yake. Hadithi ilisimuliwa kutoka upande wa msichana peke yake, na moyo wa mwanamume ukafungwa mpaka kurasa za mwisho, ndipo anatamka kwamba alimpenda tangu siku ya kwanza. Basi ukali wake wote wa nyuma unageuzwa kuwa mapenzi yaliyojificha, na msomaji anaona alivyovumilia kumbe kulikuwa na faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikatoka na nyingine Marekani, nene, ambazo shujaa anambaka msichana mwanzoni mwa kitabu na mwishoni ndiye mume wa ndoto. Zilinunuliwa mno. Kuanzia miaka ya 1980 waandishi wengi zaidi wakaanza kutuingiza na moyoni mwa mwanamume, tukawa tunajua anachowaza anapofanya ubaya, na hapo ubaya ukakosa pa kujificha. Mwanangu, nawe tuingize moyoni mwa Faraj. Usimfanye fumbo.

Mimi shujaa nampima siku anayoambiwa hapana. Kabla ya siku hiyo kila mwanamume ni mwema, analeta zawadi, anasalimia wazee, anacheka na watoto.

Na kwetu hapa unajua posa ikirudishwa kinachofuata ni maneno. Kuna binti wa jirani yangu alirudisha posa. Hata wiki haikuisha, wameshasema ana mtu, wameshasema ana maradhi anaficha. Yule kijana aliyekataliwa angeweza kukaa kimya tu, na kimya chake kingemalizia kazi. Hakukaa kimya. Wenzake walipoanza barazani, aliwaambia, “Mimi nilipeleka posa kwa sababu namheshimu. Yeye amenijibu. Mwacheni.” Akaendelea na kahawa yake. Na mamake yule binti akipita, anasimama kumpokea kikapu kama alivyokuwa akifanya zamani. Hawakuoana, kila mmoja ana nyumba yake sasa. Lakini mimi nikisoma riwaya, yule ndiye ninayemtafuta.

Kwa hivyo Faraj usimpeleke kwa Rukia usiku. Mpeleke barazani, wenzake waanze kumtaja Rukia vibaya, kisha utuonyeshe atafanya nini.

Rukia naye usimtie adabu kwa sababu amesema hapana. Mwandishi akifanya hivyo amekuwa upande wa wale wa barazani. Mfanye mtu kamili. Nataka nimwone kazini: kiazi kimeshachemshwa, rojo la unga lina rangi ya manjano, na jicho lake liko kwenye mafuta, maana yakiwa baridi rojo linanyonya na yakiwa makali mno linaungua nje kabla ya kushika. Nikiona anavyoijua kazi yake, nitaelewa bila kuelezwa kwa nini lile neno la Faraj lilimkata. Awe na ulimi, akosee, amwonee mdogo wake siku akichoka. Na amtamani Faraj! Hili waandishi wenye nia njema wanalisahau. Akikataa mtu asiyemtaka hakuna riwaya hapo. Amkatae mtu ambaye akipita na gari, yeye anajua mlio wake toka kona ya mbali.

Dada wa Kongowea, nakuelewa sana, na upepo wa bahari naupenda mimi pia. Pesa za Faraj hazinisumbui. Kinachonisumbua ni pale pesa zinapotolewa kama jibu la swali ambalo mwanamke hakuuliza.

Mtu wa Bandarini:

Shikamoo mama fundi. Mimi ni mwanamume na nasoma riwaya za mapenzi, na kazi ya Faraj ndiyo kazi yangu, kwa hivyo naomba nafasi.

Mtunzi, Faraj wako ana pesa lakini simwoni akizitafuta. Wakala wa mizigo ni mtu wa simu mbili na usingizi wa mang'amung'amu. Kontena limeshuka, karatasi moja ina kosa, siku za bure zinakwisha, ada za kuchelewa zinaanza kupanda, mwenye mali anakupigia kutoka Kampala anafoka. Halafu kumbuka mwaka 2019, mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR hadi Embakasi, Nairobi, ikatolewe huko. Mombasa ililia. Madereva wa malori walikaa, ofisi ndogo za mawakala zilifungwa, watu waliandamana, na ni mpaka 2022 ndipo serikali mpya ilipotangaza kazi irudi bandarini. Kama Faraj ana umri wa miaka thelathini na kitu leo, alikuwa kijana mdogo kazini wakati huo. Aliuza nini? Nani alimlisha? Huenda mamake alitoa dhahabu yake. Mtu aliyepita hapo akimwambia mwanamke “haya mafuta utayasahau,” anasema kwa hofu yake mwenyewe, anajiapia kwamba mkewe hataona alichokiona mamake. Neno linabaki baya, lakini mimi nitamwelewa.

Mama fundi, niruhusu nikupinge kidogo. Yule kijana wa jirani yako ni mtu mwema mno kuwa shujaa wa kitabu kizima. Wanaume tukikataliwa tunaumia, na aibu inatufunga mdomo. Mimi ningependa Faraj siku ya kwanza barazani anyamaze. Ajifanye anatazama simu. Usiku asilale. Kesho yake arudi kwa watu walewale aseme alichotakiwa kusema jana, na iwe ngumu zaidi kwa sababu amechelewa.

Fundi Cherehani, Majengo:

Marahaba mwanangu. Hiyo ya dhahabu ya mamake ni nzuri, mtunzi aichukue. Ya kunyamaza inaniuma, kwa sababu siku moja ya kimya barazani ni siku saba nyumbani kwa binti. Akinyamaza, basi kitabu kituonyeshe kimya hicho kilimfikia Rukia vipi na kilimgharimu nini. Wateja wangapi hawakuja jioni ile? Nani aliyegeuza uso? Asipolipa hapo nitakifunga.

Mwalimu wa Fasihi, Likoni:

Mjadala huu umenigusa. Mtafiti wa Kimarekani, Janice Radway, aliwahoji wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja wa Marekani, wateja wa mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika duka la vitabu na ambaye ushauri wake waliuamini sana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1984. Sifa walizozitaja mbele kwa shujaa zilikuwa akili, upole na ucheshi. Kwa mwanamke: akili, ucheshi, kujitegemea. Walichokichukia ni ubakaji, mwisho wa huzuni, na shujaa dhaifu.

Naomba mtunzi aangalie hilo la mwisho. Kumwondolea Faraj ukali kusimwache hana uti wa mgongo. Akiwa anaomba radhi kila ukurasa atachosha. Na hakuna aliyetaja ucheshi hapa! Rukia na Faraj hawajacheka pamoja hata mara moja katika maelezo yako. Mimi siamini mapenzi ya watu wasiochekeshana.

Nguvu na kuhitaji msaada vinakaa pamoja vizuri, na pwani tumelijua hilo zamani. Fumo Liyongo, jitu lisiloshindika kwa silaha, alipofungwa aliokolewa na mamake na kijakazi Saada: tupa zikafichwa ndani ya mkate wa wishwa, maana mkate mzuri walinzi wangeula wao. Hakuna anayemwona Liyongo dhaifu kwa hilo. Basi hata Faraj anaweza kuomba kitu kwa Rukia. Mpaka sasa ni yeye tu anayetoa.

Mtunzi wa Kibokoni:

Nawashukuru wote. Hilo la kuomba limenifungua macho kweli. Nimeanza kuandika: Faraj ananyamaza siku ya kwanza. Jioni hiyo karai la Rukia linabaki limejaa. Siku ya pili anasema barazani, lakini mwenyewe hamfuati Rukia. Dada wa Kongowea, gari anabaki nalo na nyumba ya Nyali anabaki nayo, usiwe na wasiwasi.

Nina swali moja. Rukia atajuaje kwamba Faraj amemtetea? Sitaki Faraj amwambie mwenyewe, atakuwa anadai malipo.

Dada wa Kongowea:

Shoga yake amwambie. Mashoga tunajua kila kitu.

Fundi Cherehani, Majengo:

Shoga ataongeza chumvi. Mtumie mdogo wake. Mtoto wa kiume anapita barazani akitoka madrasa, anasikia, na atalisema vibaya vibaya huku anakula bajia, nusu amesahau, na Rukia itabidi amuulize mara ya pili bila kuonyesha kwamba anataka kujua. Hapo weka na kile kicheko anachokidai mwalimu. Kisha itume hapa, binti wa dada yangu anasubiri kunisomea.