Daftari la wapigakura la karatasi: litumike kituoni au libaki limefungwa?

Mtoa mada: Agosti 2022 vifaa vya KIEMS, vinavyomtambua mpigakura kwa alama za vidole, viligoma katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Kibwezi Magharibi, tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ikaruhusu daftari la karatasi. Siku chache kabla, Mahakama Kuu ilitaka daftari hilo litumike. Mahakama ya Rufaa ikasitisha. 2027 hiyoo. Mnasemaje?

Wakala wa chama: Libaki limefungwa. Kwenye karatasi, karani anapiga mstari juu ya jina, basi. Jioni foleni ikiisha, majina ya wasiofika, marehemu wakiwemo, yako wazi mbele yake. Nani atamzuia kuyapigia mstari na kutumbukiza kura? KIEMS huhesabu waliotambuliwa, na hesabu hiyo unailinganisha na jumla ya kura kwenye fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo. Zikizidi, kuna mchezo.

Karani: Umeruka hatua. Kidole kikikataa hakuna anayekimbilia karatasi. Kinapanguswa, kinajaribiwa kingine, maana wachuma chai na watu wa mjengo alama zao zimesuguka. Vikigoma vyote, inaingizwa namba ya kitambulisho, picha inatokea, mawakala wanamkagua mtu, anajaziwa fomu 32A. Upenyo uko hapo! Wakala akisinzia, kitambulisho cha kuazima kinapita. Kituo hakizidi wapigakura 700. Fomu 32A zikifika 200, uliza kwa nini.

Wakili: Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kinataka mfumo wa ziada teknolojia ikifeli, kwa hiyo karatasi haiwezi kutupwa. Na tukumbushane: Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais hasa kwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa. Vidole havikuwa kiini cha kesi.

Mtu wa Kaskazini: Nyinyi mko kituoni tayari. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti husajiliwi, na karatasi ya kusubiria kitambulisho haihesabiki. Hadi Februari 2025, rais alipotangaza kule Wajir kwamba msasa umefutwa, kijana wa Mandera alihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Wa Nyeri hakuhojiwa na yeyote. Kura nyingi hupotea hapo, kimyakimya.

Wakala: Hilo sibishi. Kwa karatasi nalegeza kidogo: bahasha yenye lakiri ya namba, ifunguliwe kifaa kikifa kabisa, saa iandikwe, mawakala wote watie sahihi.

Karani: Na kifaa cha akiba kijaribiwe kwanza. Mwaka 2013, baadhi ya vifaa vya wakati huo vilizimika kwa kukosa chaji tu.