Mtoto wangu haoni, anagonga ulimi akitembea: nimkataze?

Mama wa Katindo
Habari zenu ndugu. Kijana wangu ana miaka minane, haoni tangu akiwa mchanga. Siku hizi akitembea anagonga ulimi, ta, ta, ta, hata kanisani. Watu wanadhani anawafyonya, na baba yake anataka aache. Ila mimi namchunguza: mlango ukiwa umefungwa anasimama kabla hata ya kunyoosha mkono. Nifanyeje?

Mkaaji wa Majengo
Mama, nakuomba sana usimkataze. Mimi pia sioni, na hapa Goma ndivyo ninavyopita mtaani. Ile sauti inagonga kitu na kurudi, sikio linasoma ilivyobadilika. Ukuta wa mawe ya volkano unairudisha nene, yenye mikwaruzo. Geti la bati linairudisha kali kama kengele ndogo. Ua wa miti unarudisha kidogo tu. Na geti likiachwa wazi, sauti inaingia ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, na kupotea; hapo najua nimefika penye mlango.

Kuna Mmarekani, Daniel Kish, aliyetolewa macho yote mawili kwa sababu ya saratani akiwa mchanga. Alianza kugonga ulimi bila kufundishwa na mtu, sawa na kijana wako. Leo anaendesha hata baiskeli, na anawafundisha wengine.

Mfanyie zoezi: shika beseni mbele ya uso wake, kisha liondoe bila kumwambia, agonge ulimi aseme lipo au halipo. Halafu lisogeze kushoto, kulia, mbali kidogo.

Ila fimbo nyeupe asiiache kamwe. Mwangwi haumwonyeshi shimo wala jiwe la lava lililochomoza chini ya miguu. Mvua ikipiga mabati, au jenereta za madukani zikinguruma, unafunikwa kabisa. Siku hizo mimi naomba mkono wa mtu.

Fundi Ndosho
Kumbe! Mimi nilijua Mungu anawaongezea nguvu ya masikio.

Mwalimu wa Himbi
Fundi, kazi kubwa iko kwenye ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada waliwasikilizisha vipofu wawili mwangwi wao wenyewe uliorekodiwa, na sehemu ya ubongo ambayo kwetu ni ya kuona ikafanya kazi. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Durham, Uingereza, kilitoa matokeo ya mafunzo ya wiki 10: walijifunza wasioona na wanaoona pia, wenye miaka 21 hadi 79. Kwa hiyo mama, hata wewe unaweza kujifunza pamoja naye.

Mama wa Katindo
Mungu awabariki. Na chukudu je, zile skuta za mbao za kubebea mizigo? Zile za mteremkoni zinanitia hofu.

Mkaaji wa Majengo
Chukudu ikitembea inajitangaza, mbao zake zinalia kutoka mbali. Mimi naogopa zaidi iliyoegeshwa, au pikipiki iliyosimamishwa njiani: ni nyembamba, sauti inayorudi ni ndogo. Mbele ya maduka apunguze mwendo na kutanguliza fimbo. Kanisani agonge taratibu, ndani ya nyumba sauti ndogo inatosha.

Na baba yake mfunge kitambaa machoni, msimamishe karibu na ukuta, kisha mbele ya geti lililo wazi, agonge ulimi pote pawili. Tofauti ataisikia mwenyewe.