Fundi kapaka injini rangi ipendeze, mie nikauziwa stata na betri bila sababu!!

Jamani nina hasira hadi mkono unatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Nina lori Isuzu la kubebea saruji na mabati kupeleka Kwale. Mwezi uliopita likawa lakula oili, nikalipeleka gereji moja huku Changamwe (jina naliacha kwa sasa), likafanyiwa ovaholi, ringi mpya, beringi, gaskiti, kila kitu. Kabla ya hapo stata haikuwa na neno kabisa, ukigusa ufunguo injini ishaamka. Siku ya kulichukua napiga stata naskia nyuuu... nyuuu... kama mzee anapanda ngorofa. Namuuliza fundi, "bosi hiyo injini mpya, imebana, itazoea". Haya, hilo lina ukweli wake, injini ikitoka kufungwa upya huwa nzito kidogo, nikanyamaza.

Wiki mbili hali ni ile ile, na injini ikishapata moto ndio mbaya zaidi. Dereva akawa aogopa kuzima gari kuliko anavyoogopa trafiki. Foleni ya feri Likoni languruma tu dizeli yaungua, jioni ataliegesha kwenye mteremko ili asubuhi aliachie lishuke alishikishe kwa gia. Hiyo ni kazi au ni sarakasi?

Narudi gereji, fundi hata kebini hajainua, "stata imekufa hiyo". 28,000 stata ya eksi Japani (iliyokwisha tumika huko). Siku tatu naona afadhali, ya nne nyuuu. Sasa ikawa ni betri, na lori ni volti 24 kwa hivyo ni betri mbili, huwezi kubadilisha moja ukaacha nyengine (hapo hakukosea), 38,000 ikaenda. Betri mpya, stata nyengine, na bado nyuuu!! Na muda wote huo hakuna aliyetoa mita akapima, hakuna hata mmoja, ni kukisia tu kwa pesa zangu.

Kilichoniokoa ni tanboi (msaidizi wa dereva), alishika waya wa eksileta wakati dereva apiga stata akaruka, umepata moto kama pasi. Nikamwita mzee mmoja fundi waya wa Jomvu, nilipomwambia hilo akacheka, "mwanangu, stata yako nzima". Akapima betri ikiwa imetulia, volti 25.4. Stata ikipigwa betri inashuka 22.5, sawa tu, lakini ukipima kwenye stata yenyewe ni 17! Zile tano na nusu zimeenda wapi? Akaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyengine kwenye bloku ya injini, dereva akapiga stata, volti 4 na zaidi. Hapo yafaa isome nusu volti tu au chini yake. Yaani umeme watoka vizuri, njia ya kurudi ndio hakuna, ndio ukawa wajipenyeza kwa waya wa eksileta. Akachukua waya wa jampa kutoka negativu moja kwa moja hadi kwa bloku, krrr, injini ikaamka papo hapo nusra nimkumbatie.

Kufungua ule waya wa athi (ndio njia yenyewe ya umeme kurudi) unaotoka kwa chesi kuja kwa injini, chini ya bolti ni rangi ya silva tupu. Walipomaliza ovaholi waliipiga injini rangi ipendeze, kisha wakafunga athi juu ya rangi! Mzee akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Dakika 20, akanitoza 500, nikampa 1,000.

Nikarudi gereji nikasema sawa, pesa zote siwadai, nirudishieni basi stata yangu ile ya kwanza, maana kumbe ilikuwa nzima. Fundi atazama chini. Eti ishauzwa, kuna mwenye lori alikuja ana shida ya stata.

Tangu Jumatatu hashiki simu.