Bimkubwa ana mtoto wa jicho lakini sasa anasoma bila miwani. Akipasuliwa atabaki hivyo?

MachameJuu
Wakuu habari za jioni. Bimkubwa ana miaka 68, yupo Machame, ana kisukari cha muda mrefu. Amepimwa macho KCMC, kadi inasema kulia 6/60 (yaani herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 60, yeye anaisoma akiwa mita 6), akiangalia kupitia kitundu bado 6/60. Kushoto 6/36, kwa kitundu 6/18. Mtoto wa jicho yupo macho yote, wataanza na la kulia.

Kinachonichanganya ni hiki: miaka yote hakuweza kusoma bila miwani ya +2.50. Mwaka huu kaiweka kabatini, anasoma Biblia na kuchambua mchele kwa macho matupu. Ila mtu akisimama getini anamtambua kwa sauti tu. Jua la saa saba linamsumbua sana, jioni ana nafuu.

Akishapasuliwa ataendelea kusoma hivyo? Ataona vizuri baada ya siku ngapi? Na kwenye karatasi ya vipimo wameandika +22.5, ndiyo namba ya miwani atakayovaa?

MiwaniNgarenaro
Mkuu, nianze na hiyo +22.5 kwa sababu inawatisha wengi bure. Hiyo ni nguvu ya lenzi ya bandia itakayowekwa ndani ya jicho badala ya ile iliyochafuka. Lenzi za watu wengi huangukia karibu na +21 au +22, kwa hiyo hiyo yake ni ya kawaida kabisa. Namba ya miwani ni kitu kingine na haijulikani mpaka jicho lipone.

Sasa kusoma bila miwani. Kiini cha lenzi kikikomaa na kuwa kigumu huongeza nguvu ya kupinda mwanga, jicho linakuwa la kuona karibu. Mtu aliyehitaji +2.50 kusomea, jicho likishafika -2.50 huona wazi sentimita 40 bila kitu, na hapo ndipo Biblia inaposhikwa. Wazee wengi hufurahi wakidhani macho yamepona. Kadi yake inaonyesha hivyo hivyo: kushoto kunapanda toka 6/36 hadi 6/18 kwenye kitundu, maana yake sehemu ya tatizo ni namba tu. Kulia hakupandi hata kidogo, hapo ukungu wenyewe ndio unaozuia, au kuna kitu nyuma kwenye retina, ule utando unaopokea picha. Kwa mwenye kisukari hilo la pili usiliache bila kuuliza.

Jua kumsumbua kuliko jioni ni dalili ya ukungu ulio katikati, upande wa nyuma wa lenzi, ambao huwapata sana wenye kisukari na waliotumia dawa za steroidi muda mrefu. Mchana mboni hujifunga na mwanga wote unapita kwenye doa. Jioni mboni hufunguka, mwanga unapita pembeni. Kofia ya ukingo mpana itamsaidia kwa sasa.

Jibu la swali lako: kwa kawaida lenzi hupangwa kwa ajili ya mbali, na lenzi hiyo haivuti karibu. Kwa hiyo jicho la kulia litaona getini, lakini kusoma litarudi kwenye +2.50 au karibu na hapo. Kama bimkubwa maisha yake ni kushona, kusoma na kuchambua mboga, anaweza kuomba lenzi ipangwe kwa karibu (kwake itakuwa kama +26), kisha avae miwani akitoka. Wengi hawaulizwi, na lenzi ikishawekwa haibadilishwi kirahisi. Mwambie amweleze daktari kabla ya siku ya upasuaji, siyo akiwa mezani.

SistaMacho
Mpe pole mama. Mimi niongelee siku zenyewe.

Siku ya upasuaji, kama ganzi ni ya sindano, jicho linaweza kutotembea na kuona viwili viwili kwa saa kadhaa. Inaisha yenyewe. Kesho yake bandeji ikitolewa asitegemee kuona kama kijana. Kioo cha mbele huwa kimevimba kidogo, hasa kama mtoto wa jicho alikuwa mgumu wa rangi ya kahawia, na ukungu huo unaweza kuchukua wiki moja au mbili kutoka. Rangi zitamshangaza: nyeupe itakuwa nyeupe ya samawati. Akifumba jicho moja moja akiangalia kanga nyeupe, lisilopasuliwa litaionyesha kama imelowekwa kwenye chai. Taa zitakuwa kali, na pembeni upande wa sikio anaweza kuona kivuli kama mwezi mwandamo. Kwa wengi kivuli hicho hufifia chenyewe.

Matone: mara nyingi ni steroidi na antibiotiki, mara 4 kwa siku au zaidi, kisha steroidi inapunguzwa taratibu kwa wiki kama 4. Wanapoharibu ni hapa. Jicho likiacha kuwa jekundu wiki ya pili wanaacha dawa, wiki ya tatu linarudi jekundu na mwanga unauma. Chupa yenye dawa nyeupe kama maziwa itikiswe kabla, la sivyo anaweka maji tu na dawa imebaki chini. Tone moja linatosha. Kati ya dawa na dawa asubiri dakika 5, vinginevyo ya pili inaisukuma ya kwanza nje. Ncha ya chupa isiguse kope.

Kikinga cha plastiki usiku kwa wiki ya kwanza. Maji ya kisima yasiingie jichoni, nywele aoshwe kwa kulaza kichwa nyuma. Jiko la kuni mwachieni mtu mwingine. Mkungu wa ndizi na ndoo ya kichwani vikae mwezi mzima.

Cha kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, na kuona kunakoshuka, hasa siku ya 3 hadi ya 7. Huo unaweza kuwa usaha ndani ya jicho, na saa chache zinaweza kuamua kama jicho litabaki. Kumulika kama radi, vidoa vingi vya ghafla au pazia linaloshuka, vivyo hivyo. Msingoje Jumatatu wala tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

KijanaWaSakina
Mbona huku Arusha wazee wanasema usubiri uive kwanza? Na wanasema baada ya miaka miwili unarudi.

MiwaniNgarenaro
Kuiva ilikuwa ushauri wa zamani, lenzi ilipotolewa nzima. Sasa kusubiri kunaufanya uwe mgumu, jeraha linakuwa kubwa zaidi, na ukivimba unaweza kupandisha presha ya jicho mpaka mshipa wa fahamu wa kuonea ukafa. Hiyo hairudi hata lenzi iwe nzuri vipi.

Kurudi, haurudi, lenzi yenyewe imeshatolewa. Kinachotokea ni utando kwenye kifuko kilichobaki kuishika lenzi ya bandia, miezi au miaka baadaye. Unatobolewa kwa leza, dakika chache, bila kisu. Tofauti na hilo ni kwa mwenye kisukari: anaona vizuri wiki ya kwanza, halafu kati ya wiki ya 4 na ya 8 herufi zinaanza kupinda na katikati kunafifia. Hapo ni maji kwenye kitovu cha retina, na miwani mpya haisaidii kitu. Apimwe retina kwanza.

MachameJuu
Asanteni sana. Kwa hiyo miwani lini? Na hilo la kushoto litakuwaje hapo katikati?

MiwaniNgarenaro
Kama ni upasuaji wa mashine wenye jeraha la milimita 2 na ushee, wiki 4. Kama ni jeraha la milimita 6 au 7 lisiloshonwa, subiri 6 hadi 8, kwa sababu silinda (namba ya mpindo wa kioo cha mbele cha jicho) huwa bado inacheza na miwani ya mapema itatupwa. Ya kusomea ya bei rahisi anaweza kuitumia mapema, haina madhara.

La kushoto likibaki -2.50 na la kulia likawa karibu na 0, miwani ya kurekebisha yote mawili itamletea kizunguzungu, hasa kwenye ngazi, kwa sababu picha mbili hazilingani ukubwa. Asiitengeneze miwani hiyo. Akae bila miwani: la kulia la mbali, la kushoto la kusomea, wengi wanazoea. Ila ukungu wa kushoto ukizidi hata kusoma kutakwisha, kwa hiyo tarehe ya jicho la pili aiombe siku ile ile atakayopimwa mwezi mmoja baada ya upasuaji.

SistaMacho
Na kila asubuhi afumbe jicho moja moja aangalie kalenda ile ile ukutani, akiwa amekaa kiti kile kile. Tarehe alizosoma jana asipozisoma leo, aje.